Khanga Tano za Shangazi

"Kijani, njano, bluu, nyekundu, ya Agatha," Raheli alihesabu kwa kunong'ona, akakunja magoti, akapeleka nyonga kushoto. Ikaenda. Akaipeleka kulia, ikagoma. Akajishika kwenye ukingo wa kitanda cha chumba namba tisa, akaanza upya, ufagio umeegemea ukutani na shuka chafu zimerundikwa mlangoni.

Ndipo mgeni wa chumba aliporudi kuchukua miwani yake. Alikuwa mzee wa watu aliyekuja Mikumi kutazama tembo, na badala yake akamkuta mhudumu wa miaka arobaini na saba, taulo kalifunga juu ya sare, mkono mmoja kiunoni na mwingine hewani.

"Samahani," alisema Raheli. Kisha akaupiga mto kofi, kana kwamba una vumbi. Mgeni alichukua miwani yake akaondoka.

Ilikuwa Jumatano, na shughuli ilikuwa Jumamosi. Letisia, mtoto wa marehemu kaka yake Damiano, alikuwa anaagwa kwa kicheni pati mjini Kilosa, na katika ukoo wao binti haagwi mpaka shangazi amchezee khanga. Shangazi huingia mbele ya wanawake wa pande zote mbili amejifunga khanga tano, moja juu ya nyingine. Huzivua moja moja akicheza, kwa madaha na utani, na kila inayotoka humtunza nayo bibi harusi. Shangazi mwenyewe alikuwa Raheli, naye alikuwa mmoja tu.

Tatizo ni kwamba Raheli alikulia Kisanga, nyumba ya pili kutoka kanisani, na maisha yake yote alikuwa amecheza kwa mabega tu, tena kwenye kwaya. Kiuno alikitumia kuinamia vitanda.

Letisia alikuwa amempigia simu wiki iliyotangulia. "Shangazi, kama huwezi, niambie mapema. Kamati itamkodi mama mmoja wa Morogoro acheze."

"Nani kasema siwezi?"

"Hakuna." Msichana akashusha sauti. "Ila mama yake Emanueli ameshauliza mara mbili kama mimi nina watu."

Neno hilo lilimchoma Raheli, kwa sababu mama mkwe mtarajiwa hakuwa amekosea sana. Wazazi wa Letisia walipofariki, Raheli alimchukua mtoto akakaa naye miaka minne katika chumba kimoja nyuma ya hoteli. Kisha akampeleka kijiji cha Ulaya, huko huko Kilosa, kwa wajomba, akisema ni kwa muda. Muda huo ulikuwa miaka kumi na miwili. Alipeleka sabuni, sare, daftari. Yeye mwenyewe alikwenda kwa nadra, na kila alipokwenda mtoto alikuwa amerefuka na maneno yake yamepungua. Raheli aliona haya zaidi kwa jambo hilo kuliko alivyoona haya ya kukata kiuno.

Kwa hiyo kila siku yake ya mapumziko alikwenda Kimamba kwa Selestina. Huyu alikuwa muuza mitumba mwenye sauti ya kukwaruza, na zamani alinengua miaka kumi na miwili kwenye bendi za dansi za Morogoro mpaka magoti yalipomkatalia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Haya, nionyeshe kilichobaki kichwani."

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Raheli alivua khanga ya kwanza, akasahau ya pili ina hatua gani, akasimama.

"Wewe unavua kama mtu anayewahi bafuni," alisema Selestina. "Khanga haivuliwi, inabembelezwa. Legeza fundo. Wakidhani inadondoka, lifunge tena. Waache wapige kelele! Wakishakata tamaa, hapo ndipo unaiachia."

"Naona aibu, dada."

"Aibu ni yako, khanga ni za mtoto. Utamnyima haki yake kwa sababu ya vitu vyako?"

Basi wakarudia. Kijani ilikuwa ya mzaha: unaipeleka kwa mama mkwe kama zawadi, ananyoosha mikono, unaipokonya, ukumbi unacheka. Njano ilikuwa ya kuzunguka, bluu ya kushuka chini, nyekundu ya kutembea kwa maringo mpaka wazee wafunike macho. Ya tano ilikuwa ya Agatha, mama yake Letisia, khanga iliyopauka ambayo Raheli aliitunza kwenye sanduku tangu msiba. Hiyo haichezwi. Ikifika hiyo muziki unazimwa, shangazi anamfunika binti kichwa, na shughuli ya khanga imekwisha.

Siku zote Selestina ndiye aliyemvisha, akivuta mafundo kama anayefunga mzigo wa mitumba. Kazi ya Raheli ilikuwa kukumbuka tu, nako kukumbuka kulimtoa jasho. Akapata dawa yake chumba namba tisa. Kijani ni godoro, akajiambia. Njano ni shuka ya chini, bluu shuka ya juu, nyekundu blanketi, ya Agatha ni mto. Kitanda hakuwa amewahi kukisahau hata siku moja. Ijumaa alitandika vitanda kumi na kimoja, na katika kila kimoja alicheza ngoma nzima kichwani bila kukosea.

Jumamosi asubuhi, akiwa ameshafika Kilosa, alipata ujumbe wa Selestina: "Malaria imenilaza. Vaa mwenyewe. Umeshajua."

Alivalia kwenye stoo nyuma ya ukumbi, kati ya viti vilivyovunjika na masufuria. Alichukua dakika nzima kufunga fundo la kwanza. Nje wanawake walikuwa wakiimba, na sauti ya mshereheshaji ilikuwa ikitaja upande wa bwana harusi, mstari wa mbele, wageni kutoka Morogoro. Godoro, alinong'ona. Shuka ya chini. Shuka ya juu. Blanketi. Mto. Alipomaliza alijisikia mnene na salama, na kwa mara ya kwanza wiki ile moyo ulitulia.

"Shangazi wa bibi harusi!" iliita spika.

Aliingia kinyumenyume kama alivyofundishwa, magoti yamekunjwa. Nyonga ikaenda kushoto. Ikaenda kulia! Ukumbi ukalipuka vigelegele. Akageuka, akamwona Letisia kwenye kiti kilichopambwa, kichwa chini kama desturi inavyotaka, na mbele kabisa mama yake Emanueli, mwanamke mrefu mwenye mkoba juu ya magoti, asiyepiga makofi. Raheli akapeleka mkono kwenye fundo la kwanza, alilegeze kidogo, awatanie.

Kitambaa kilikuwa laini mno kwa khanga mpya. Akainamisha macho. Alichokishika kilikuwa kimepauka, kimeliwa na sabuni pembeni.

Akaelewa papo hapo. Amejitandika. Ameanza na godoro akamalizia na mto, na sasa mto uko juu. Miaka kumi na tisa anatandua vitanda vya watu, na hakuna aliyewahi kuhitaji kumwambia kwamba kinachotandikwa mwanzo ndicho kinachotoka mwisho.

Labda angeweza kulifunga tena fundo, akazuga, akatafuta njia. Lakini Rebeka, binti wa kamati aliyekaa kwenye muziki, alikuwa ameambiwa kitu kimoja tu: ukiona iliyopauka, zima. Akazima.

Kikohozi kilisikika, kisha kijiko kikaanguka jikoni. Raheli alisimama katikati na khanga nne mwilini na moja mkononi, na hakuna hatua aliyoikumbuka. Mama mmoja wa mstari wa mbele alimnong'oneza mwenzake. Mlango wa stoo ulikuwa wazi nyuma yake.

Akatembea, hakucheza, mpaka kwenye kile kiti. Akamfunika Letisia kichwa.

"Ya mama yako," alisema, na sauti yake ilitoka ndogo lakini ukumbi mzima uliisikia. "Niliitunza. Wewe sikukutunza, mwanangu, lakini hii niliitunza."

Chini ya khanga mabega ya Letisia yalipanda na kushuka, na vidole viwili vikatoka vikashika pindo. Raheli alingoja. Alijua ameiharibu shughuli mbele ya watu ambao hawakupaswa kuona kitu chochote kilichoharibika, na kwamba maneno yale yangefika Morogoro kabla ya jioni.

"Shangazi," ilitoka sauti nzito ya machozi chini ya kitambaa. "Zimebaki nne."

Mtu akacheka nyuma, kisha wengine. Rebeka akawasha muziki.

Raheli alicheza. Alicheza nyekundu kwa hatua za bluu na bluu kwa hatua ambazo Selestina asingezitambua. Alilegeza fundo akalifunga, wakapiga kelele, akalifunga tena hata walipokwisha kuchoka. Njano ilimzungusha mpaka akayumba. Nyuso zilikuwa zinacheka, ila moja, na kila alipogeuka aliikuta inamtazama.

Ikabaki kijani. Chini yake palikuwa na gagulo na fulana ya kwaya, basi. Akaivua taratibu, akaipeleka mstari wa mbele kwa madaha, akamnyooshea mama yake Emanueli. Yule mama akaweka mkoba chini na kunyoosha mikono, kama kila mtu anavyofanya. Sasa ilikuwa ni kupokonya. Ukumbi ulikuwa umeshavuta pumzi tayari kwa kicheko.

Raheli hakupokonya. Hakuwa na khanga nyingine mwilini ya kurudi nayo katikati kucheza, na mkono ulikataa.

Mama yake Emanueli alisimama. Alishika pembe mbili, Raheli akabaki na mbili, na khanga ikakaa wima kati yao imevutika, kijani chake kikimulikwa na dirisha. Hakuna aliyeachia. Muziki uliendelea. Ndipo mikono ya Raheli, bila kumwuliza, ikafanya inachokifanya kila asubuhi mbele ya mhudumu mwenzake wakikunja shuka: ikaunganisha pembe zake mbili, ikangoja.

Yule mama akaitazama mikono hiyo. Kisha naye akaunganisha za kwake, akapiga hatua moja mbele.