Kipa wa Namba Kumi na Saba

Jumanne saa nne asubuhi, baada ya chai, Elisaria alitandika gazeti mezani nyumbani kwake, mtaa wa Sakina, akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri, ndipo akafungua albamu ya kadi zake. Alikuwa fundi wa mabasi kwa miaka thelathini na moja, na mafuta ya gia hayatoki kabisa vidoleni hata ukistaafu. Kadi zenyewe ni za wachezaji wa timu ya mkoa, zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za biskuti mwaka 1986. Seti nzima ni ishirini na nne. Yeye alikuwa nazo ishirini na tatu. Ilipungua namba tisa tu.

Alipofika namba kumi na saba akakuta kipa amegeuka. Jana alikuwa anatazama mbele, mikono kiunoni. Leo alikuwa amempa mgongo, anatazama nyavu za goli lake.

Elisaria aliichomoa kadi kwenye mfuko wake wa nailoni, akaigeuza, isije ikawa uso umehamia nyuma. Nyuma, kwenye ukanda wa chini, palikuwa na maneno yaleyale: Godwin, golikipa, alipangua penalti mbili kwenye fainali. Akapiga picha pande zote mbili, kama kanuni zinavyotaka, akazituma kwenye kundi la WhatsApp la Kadi za Zamani.

"Yangu nayo," aliandika mtu wa Tabora.

"Yangu tangu jana. Nikadhani ni unyevu."

"Iweke juani kidogo."

"Msimsikilize huyo. Ndiye aliyepausha namba nne ya watu."

Msimamizi wa kundi alikuwa Paresh, mwenye duka la vipuri mjini. Yeye ndiye mtunza orodha: namba ya kadi, jina, hali yake, nani anayo. Jioni aliongeza maneno: "Na. 17, Godwin. Hali nzuri, amegeuka." Kadi ikazidi kutafutwa. Hata Paresh aliitaka, maana ya kwake iligugunwa na panya. Akamwandikia Elisaria pembeni: "Mzee wangu, namba tisa ninayo. Nipe kumi na saba, kadi kwa kadi."

Elisaria alikuwa ameisubiri namba tisa miaka kumi na miwili. Akajibu kwamba Jumamosi angekuja dukani, na akamwambia mkewe ampigie pasi shati.

Alhamisi mchana mama mmoja alishuka kwenye basi la Oldonyo Sambu na kibuyu cha maziwa mgando, akaulizia nyumba ya fundi mwenye kadi, akaelekezwa. Jina lake Nashipae. Mjukuu wake Joyce alikuwa amemwonyesha picha ya kipa kwenye simu, maana kufikia siku hiyo picha ilikuwa imeshatembea makundi mengi.

"Shikamoo, yeyo," alisema Elisaria, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Marahaba, baba. Ni wewe umemfungia mume wangu kwenye daftari?"

Elisaria alisema ni yeye, akamvutia kiti, akamfungulia albamu. "Ila hapa wameandika Godwin, mama."

"Mimi sisomi. Huu mgongo ni wa Lemburis. Miaka arobaini nimetembea nyuma yake kwenda kwenye mahindi. Naujua kuliko uso."

Akaeleza bila haraka. Msimu ule Godwin aliumwa goti. Lemburis ndiye aliyedaka, ndiye aliyepigwa picha, na zile penalti mbili alizipangua yeye. Lakini majina yalikuwa yameshachapwa kutoka orodha ya mwanzo wa msimu. Lemburis alikwenda kiwandani mara mbili kuwaambia. Mara ya pili walimpa katoni ya biskuti.

"Tulikula," alisema Nashipae. "Zilikuwa na tangawizi."

Lemburis alifariki mwaka juzi. Sasa watoto walikuwa wanamjengea kaburi kwa saruji na walitaka picha ya kuweka pale juu. Picha za nyumbani ziliungua pamoja na nyumba. Imebaki hii ya kwenye biskuti.

"Siwezi kuweka mgongo kaburini. Wageni watasema tuliachana vibaya."

Akaisogelea kadi, akaita kwa sauti ya kumfikia mtu aliye zizini: "Lemburis. Chakula."

Kipa akageuka. Alikuwa na nyasi kwenye soksi.

"Amekonda," alisema Nashipae.

Elisaria alimwomba arudie, akairekodi sauti, akaituma kwenye kundi pamoja na maelezo yote, akaomba jina lirekebishwe. Majibu yalikuja haraka.

"Yangu imegeuka. Mwambie mama asante."

"Yangu nimemfungulia sauti mara mbili. Mara ya pili amecheka."

Kuhusu jina, Paresh alituma ujumbe wa sauti, kwa upole. "Mzee wangu, nakuelewa kabisa, na huyo mama mpe pole. Lakini orodha inafuata kilichochapwa. Nikianza kubadilisha majina, kesho kila mtu ataniletea baba yake."

Godwin mwenyewe alikuwa kwenye kundi. Kila fainali ya mkoa huitwa kukaa viti vya mbele kwa sababu ya penalti zile mbili. Aliandika: "Jina langu, sura yake. Mimi nikatae lipi? Poleni na msiba." Watu wakamwekea vidole gumba.

Elisaria alizima simu. Aliitazama albamu, mahali patupu pa namba tisa, kisha akaenda kuchukua mkasi wa mkewe. Kwa kanuni za kundi, kadi iliyokatwa si kadi. Alikata ule ukanda wa chini wenye jina kwa mkato mmoja ulionyooka; gasketi za injini alizokata maishani hazihesabiki. Akamkabidhi Nashipae kipa asiye na maandishi. Mama akamfunga kwenye pindo la khanga, akaacha kibuyu mezani, akawahi basi.

Jumamosi shati lilibaki limetundikwa. Kwenye orodha Paresh aliandika: "Elisaria, ishirini na mbili. Na. 17 imeharibiwa." Ndani ya mfuko wa kumi na saba umebaki ukanda mwembamba ulioandikwa Godwin, hauna mtu.

Kule Oldonyo Sambu kipa yupo juu ya saruji, anatazama njia ya mahindi, na kutoka pale hajageuka tena.

Kwenye kadi za kundi bado huwapa watu mgongo. Mtu akitaka kubadilishana yake na mwenzake, huitafuta kwanza sauti ya Nashipae, akaifungulia karibu na kadi. Kipa husikia anaitwa kula, akageuka. Wanampiga picha upesi, na chini yake wanaandika Godwin, hali nzuri.