Kidonda Kinachoamka Mchana

Daktari wa upasuaji alisema wazi: kidonda kisipoanza kufunga kufikia kliniki ya Jumatatu, mguu utakatwa chini ya goti. Mama alitikisa kichwa kukubali, kama vile unazungumzwa mguu wa jirani.

Mimi siamini mtu upesi, na mke wa kaka yangu sikumwamini hata chembe. Mama anaishi kwao. Kaka hutoka alfajiri kwenda kazini, na huyo wifi yangu ndiye anayeosha kidonda na kubadilisha bandeji, asubuhi na jioni. Mpole mno. Hajawahi kumjibu mtu vibaya, na kimya kingi kina mshindo. Isitoshe, mama mwenyewe alininong'oneza: "Ananifunga kama mzigo wa kuni, mwanangu. Sijui nilimkosea nini." Mimi nilihitaji nini zaidi ya hapo?

Basi nikaamua kumnasa kwa kazi yangu. Niko maabara, na tunachunguza kimeng'enya kinachokata kolajeni, zile kamba zinazoshikilia nyama na ngozi zetu. Si adui. Ukijeruhiwa, mwili wenyewe hukitoa kisafishe palipochanika, nyama mpya ipate pa kuota. Lakini umbo lake linatisha. Kina mdomo wenye chembe ya zinki, na bila chembe hiyo hakikati kitu. Kina mkia unaoikamata kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa na kusaidia kuilegeza, ndipo mdomo uume. Ili kisimtafune mwenye mwili, huzaliwa na kifuniko mdomoni, kikalala. Kidonda kikichokozwa, kinamiminika kwa wingi na vifuniko vinakatwa. Kikichokozwa kila siku, kinakula hata nyama iliyoota jana.

Jioni moja nilikuwa nimeinamia ndoo ya bandeji chafu nyuma ya nyumba, wifi akanitokea akicheka.

"Wifi, unaokota uchafu? Mshahara haujatoka?"

"Nataka kupima kitu kazini."

Akaacha kucheka. "Kama unanishuku, niambie usoni."

"Nani kakwambia nakushuku?" nikasema, huku nafunga mfuko. Akaniangalia, akaingia zake ndani.

Maabara nilipitisha kwa umeme majimaji ya bandeji hizo kwenye jeli nyembamba iliyochanganywa na jelatini, yaani kolajeni iliyochemshwa, kisha nikaipaka rangi ya buluu. Kimeng'enya kilipokula, rangi haishiki, panabaki dirisha jeupe. Dawa za jeli huamsha hata kilicholala, ila hicho ni kizito kwa sababu ya kifuniko chake, kwa hiyo hubaki juu, kilichoamka huteremka. Bandeji iliyofunguliwa asubuhi, baada ya usiku mzima, ilikuwa na dirisha la juu, na la chini hafifu. Ile ya jioni ilikuwa na dirisha la chini pana, linang'aa kama sahani.

Kwa hiyo ni mchana. Na mchana mama anabaki na nani? Nilipiga meza kwa furaha mbaya. Kikulacho ki nguoni mwako!

Kesho yake nilidanganya kazini kwamba naumwa, nikaingia kwa kaka kwa mlango wa uani, viatu mkononi kama mwizi wa kuku. Wifi alikuwa pale pale uani, amenipa mgongo, mapovu hadi kwenye viwiko, anafua shuka za mama. Nakiri nilivunjika moyo. Nikasogea hadi dirisha la chumba cha mama, nikachungulia.

Mama alikuwa peke yake kitandani. Bandeji ameikunja vizuri, ameiweka juu ya mto. Ameuma kona ya shuka, na kwa mpini wa kijiko cha chai alikuwa anakwangua ukingo wa kidonda, pale pale ngozi mpya ilipokuwa imeanza kuwa ya waridi.

Niliingia mbio. Alikificha kijiko chini ya paja, kisha akakitoa mwenyewe.

"Funga mlango. Mwenzio asisikie."

"Mama, watakukata mguu!"

"Najua. Nilikuwepo daktari aliposema."

"Sasa kwa nini?"

"Kabla ya kidonda hiki ulikuwa unakuja lini? Ulikuwa unapiga simu. 'Mama, nina kazi, nitakupigia.' Siku hizi uko hapa kila jioni. Kaka yako naye anakaa hapo kitandani, ananisimulia mambo ya kazini. Kikifunga hiki, kila mtu atashika hamsini zake."

Hasira zilinipanda. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi, na hata wifi nilimkasirikia, kwa kuwa hana hatia wakati nimeshamhukumu. Nikaosha kidonda. Nikafunga bandeji kwa kukaza, kama wifi anavyokaza, mama akanung'unika vile vile.

"Wifi, ni wewe?" sauti ikatoka uani. "Nikuwekee chai?"

Nikafunga mlango.

"Nitakuwa nakuja, mama," nikasema. "Hata kikipona."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi hamia hapa."

Nilifikiria chumba changu, umbali wa kazini, jioni zangu ambazo haniulizi mtu. Mama alinitazama usoni, na vidole vyake vikaanza kulitafuta fundo la bandeji.