Nambari Arobaini na Moja Yuko Kanivali

Kati ya watu mia tatu waliojitolea kujaribiwa chanjo ya homa ya dengi, mtafiti Nubia Cantillo, ambaye mji mzima wa Barranquilla ulimwita sista, hakuwa amepoteza hata mmoja. Miaka miwili aligonga milango, akanywa kahawa za watu, akachukua damu na kujaza fomu. Sasa ilibaki chupa moja tu ya damu, ya nambari arobaini na moja. Ilitakiwa ifike maabara kabla ya saa kumi na moja jioni, la sivyo miaka miwili ya mtu huyo ingetupwa kapuni.

Na leo, jamani, ni Jumamosi ya Kanivali, watu wote wako mitaani wanacheza ngoma!

Nambari arobaini na moja aliitwa Nemesio Barraza, fundi wa vigae, mwanamume wa miraba minne anayeogopa sindano kuliko kifo. Wiki nzima alimpiga chenga Nubia. Jumatatu alikuwa na kazi, Jumatano tumbo, jana hata simu hakupokea. Leo mkewe alicheka tu mlangoni.

"Yuko uani kwa Doña Ubaldina na wenzake wa kikundi cha ngoma. Mkamate ukiweza."

Nubia alifika na deli lake la barafu begani, akasimama mlangoni. Marimonda arobaini, wale wachekeshaji wa Kanivali! Wote wamejifunika vinyago vya gunia, pua ndefu, masikio kama sahani, makoti yaliyogeuzwa ndani nje na tai shingoni. Kumvua mtu kinyago ni mwiko. Kuita jina nako hawezi, maana alimwapia kila mshiriki kwamba hakuna atakayejua yumo kwenye utafiti.

"Unamtafuta nani, sista?" Doña Ubaldina, bibi mwenye nyumba, alimuuliza.

"Simtafuti mtu. Nimekuja kucheza."

"Na uso huo wa msibani? Haya, cheza tuone!"

Akacheza. Alizunguka akikagua viatu, vitambi na vidole. Wapi! Saa tisa ikapita. Mwishowe alitua deli chini, akafungua kifuniko aangalie kama barafu bado ipo.

"Bia!" marimonda mmoja akapiga yowe.

Siku ya Kanivali nani ataona deli akafikiria maabara? Ua mzima ulimmiminikia. Mmoja tu alikimbilia upande wa pili, akaruka viti na kuparamia ukuta. Nubia nyuma yake! Alimkuta ananing'inia, tai imenasa kwenye msumari.

"Si mimi, sista! Haki ya Mungu, si mimi!"

"Kwani nimetaja jina la mtu?" Nubia alisema kwa sauti ya chini, akihema. Kilichofuata kilimuuma kukisema. "Sikiliza, kaka. Una haki ya kukataa. Ukisema hapana, naondoka, na hakuna atakayekuuliza."

"Baada ya kunikimbiza hivi?"

"Ndivyo nilivyokuahidi siku ya kwanza."

"Mpwa wangu alilala hospitali siku tisa kwa dengi hiyo hiyo," Nemesio alisema. "Nitoe kwenye msumari. Utanichoma, lakini nitaimba."

Na kweli aliimba, sebuleni kwa Doña Ubaldina, macho kayafumba, mpaka ngoma zikanyamaza na vinyago vikajaa dirishani. Chupa ilipojaa, furaha ilimpanda kichwani akavua kinyago mwenyewe.

"Ndiyo, ni mimi! Nimo kwenye chanjo! Nambari arobaini na moja!"

Marimonda mfupi naye akavua chake. Alikuwa Aníbal, mdogo wake. "Kumbe na wewe? Mimi mia na sita!"

"Themanini na tatu!" mwingine akadakia.

"Namba mbili," alisema Doña Ubaldina, sinia la bia mkononi. "Na mimi miaka miwili najiona niko peke yangu mtaa mzima!"

Wote wakamgeukia Nubia. Yeye alikuwa anafunga deli, anajing'ata mdomo asicheke.

Barabara zilikuwa zimefurika, lakini marimonda arobaini walimtangulia wakipuliza filimbi, umati ukapasuka katikati. Saa kumi na nusu alisukuma mlango wa maabara. Mia tatu kwa mia tatu! Machozi yalimtoka, na hakujali kuyafuta.

Nje watu waliimba jina lake mpaka vioo vikatetemeka. Mpokeaji sampuli alichungulia dirishani.

"Sista, wale ni nani?"

"Siwajui," Nubia alisema, akatia saini.