Spika ya Tatu

Mpaka leo nikimwona mtu akigonga sanduku la spika kwa konzi, kama anayechagua boga sokoni, nasikia kinyaa. Hivyo ndivyo shemeji yangu Zachariah alivyochagua siku tulipoingia kwa fundi Kimeli, hapa mjini Eldoret. Aligonga la kwanza, akagonga la pili, akanigeukia na kuniambia lile kubwa ndilo. Hata mashine ilikuwa bado haijawashwa.

Wacha nianze mwanzo, maana hasira inanipeleka mbio. Mimi ni Seline, nashona nguo, na mtaani wananiita Mama Adero. Mume wangu, Eliakim Oketch, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na Jumapili aliimba besi katika kwaya ya kanisa letu. Zachariah ni kakake mkubwa, na ndiye mwalimu wa kwaya. Mwaka wa themanini na nane, mwezi wa saba, kwaya ilikwenda Nairobi kurekodi kaseti. Wenzake Eliakim walirudi na basi Jumapili. Yeye tulifuata mwili wake Timboroa, ambako lori alilokuwa amepanda Ijumaa liliacha barabara kwenye ukungu.

Zachariah aliniambia kwamba Eliakim alimaliza kuimba Ijumaa hiyo hiyo, akakataa kuwangoja wenzake kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudi kwangu. Siku ya mazishi aliniletea kaseti. Aliiweka mkononi mwangu mbele ya watu wote, akasema, "Shem, hii ndiyo sauti yake ya mwisho." Nililia mpaka ikabidi nishikiliwe.

Nyumbani tulikuwa na spika mbili ndogo, zile za kukaa kwenye rafu ya vitabu. Eliakim alizinunua kwa mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa anahama, na alizipenda kuliko koti lake la harusi. Zilitoa sauti ya mtu safi kabisa, ungedhani mwimbaji ameketi pale kwa kochi. Ila kwenye sauti za chini hazikuwa na kitu. Eliakim alizoea kusema zimezaliwa bila miguu, na kwamba siku moja atazitafutia ya tatu, spika ya besi peke yake, izibebe hizo mbili. Alikufa kabla ya kuipata.

Sasa, wimbo wa mwisho kwenye kaseti unaisha hivi. Kwaya nzima inanyamaza, halafu besi mmoja anabaki akivuma, mdomo umefungwa, noti moja ya chini kabisa, mpaka mwisho. Hiyo ilikuwa kazi ya Eliakim tangu nimjue. Aliipata noti hiyo moja kwa moja, kama mtu anayeketi kwenye kiti chake mwenyewe, na haikukatika hata kidogo. Kanisani nilikuwa naisikia kifuani. Lakini kwa spika zetu ndogo, kwaya ikinyamaza, palikuwa kimya, labda mchakacho wa kanda. Mwaka mzima, nikitoka kwa cherehani, nilikaa mbele ya kimya hicho sikio likigusa spika, nikijua mume wangu yumo ndani na spika ndizo hazimfikii.

Kwa hivyo ukumbusho wa mwaka mmoja ulipokaribia, niliamua kununua hiyo ya tatu. Nilitaka kumsikia mara moja tu. Na nilitaka Adero, ambaye alikuwa ameanza kuniuliza kama baba alikuwa mrefu au mfupi, amsikie pia.

Nilitaka kwenda peke yangu. Zachariah akasema mambo ya vyombo ni ya wanaume, akavaa tai, akanitangulia barabarani.

Kimeli ni mtu wa Moiben, mfupi, mwenye maneno machache na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa na wufa mbili, yaani spika za besi. Moja ilitoka kwenye baa iliyofungwa, nyeusi, yenye midomo miwili ya kutolea upepo, na ilinifika kiunoni. Nyingine aliitengeneza mwenyewe kwa mbao za mvule, imefungwa pande zote, ndani ameshindilia manyoya ya kondoo kutoka kwao. Ilikuwa na sura mbaya, kama sanduku la kutagia kuku. Alisema spika ya besi huchaguliwa ikiwa pamoja na wenzake, na kwa wimbo ambao mwenyewe anaujua, kwa sababu kazi yake ni kuanzia pale wale wadogo wanapoishia bila kuingia shambani mwao.

Akatia kaseti ya gitaa. Kwenye ile kubwa, gitaa la besi lilikuwa bum, bum, bum, kila noti ndugu ya nyingine. Kwenye ile ndogo nilisikia kidole kikihama kutoka waya hadi waya. Kimeli akaeleza kwamba ile kubwa ina noti yake moja inayoipenda, na chochote utakachoipa itakugeuzia kiwe hiyo. "Ukimpa Petro, ukimpa Paulo, yeye atakurudishia mtu mmoja," akasema. Kuhusu ile ndogo alisema tu kwamba utaijua siku utakayoizima.

Niliifungua pochi nitoe kaseti ya kwaya, niisikie kwenye ile ndogo. Zachariah akanishika mkono. Alisema mashine ya watu itaitafuna kanda, na nikipoteza sauti ya ndugu yake hatanisamehe. Alikuwa anatoka jasho, na ilikuwa asubuhi ya Julai, baridi ya kukata. Kisha akaleta habari ya mheshimiwa wetu, mbunge aliyepita mwaka uliopita kwa mlolongo, ule uchaguzi wa kupanga foleni nyuma ya picha za wagombea, na ndiye aliyefadhili kurekodi. Alisema watu wa mheshimiwa watakuja kwa ukumbusho, na besi lazima isikike mpaka barabarani. Nikamwambia debe tupu haliachi kuvuma. Akacheka, akaita mkokoteni, wakapakia lile jeneza jeusi tukaondoka nalo.

Nyumbani tuliliunganisha. Lo, sijawahi kuchukia kitu hivyo. Kwaya ilizama. Wanaume wote wakawa ng'ombe waliofungiwa ndani ya pipa. Mvumo wa mwisho ulipofika, vikombe viligongana kabatini, kioo cha dirisha kikalia, vumbi likatuangukia kutoka darini. Hiyo ilikuwa mashine ya kusaga posho, wala mtu hakuwamo. Lakini Zachariah alifumba macho, akaweka mkono kifuani na kusema, "Huyo. Eliakim ndiye huyo."

Kesho yake nilirudisha lile jitu kwa mkokoteni ule ule. Nilifunga spika zangu mbili kwa leso, nikazitia kikapuni pamoja na kaseti, nikaenda bila mwanamume.

Kimeli alilipokea jitu lake. Alinikalisha kwenye stuli, akapanga zile mbili kwenye rafu, ile ndogo ya mvule akaiweka sakafuni. Aliihamisha mara tatu, pembeni, karibu na mlango, chini ya meza, kila mara akisikiliza huku ameinamisha kichwa. Aliporidhika, akatia kaseti yangu.

Kwaya ikapata miguu. Haki ya Mungu, ningeweza kuwahesabu besi mmoja mmoja, na machozi yakaanza kabla wimbo haujafika katikati. Halafu kwaya ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe kaseti ile, nikasikia mvumo.

Ulianza juu. Ukateremka ukiitafuta noti, kama mguu unaotafuta ndara chini ya kitanda. Ukaipata, ukakaa kidogo, ukakatika ili mtu avute pumzi, ukaanza kutafuta tena.

Kimeli alijikuna kichwa. Akasema kwa upole kwamba huyo mwimbaji ni dhaifu kidogo, mama asikasirike, lakini sanduku ni aminifu. Nilimwomba arudishe kanda. Akairudisha mara nne. Sikuhitaji ya tano, kwa sababu mvumo ule nilikuwa nausikia kila Jumapili tangu nifiwe. Tangu Eliakim azikwe, aliyekuwa anavuma mwishoni mwa wimbo huo kanisani ni Zachariah.

Machozi yalikauka pale pale. Nilikumbuka siku ya mazishi, ile kaseti ikiwekwa mkononi mwangu. Aliniletea sauti yake mwenyewe, akanipa niifunge kwa kitambaa, niilalie chini ya mto. Nililala na sauti ya Zachariah mwaka mzima. Nilitoka nje kwa Kimeli nikatema mate, kisha nikarudi ndani na kumwambia nachukua ile ndogo.

Jumamosi ya ukumbusho kwaya ilijaa sebuleni, watu ishirini, sahani za wali mapajani. Zachariah aliomba sala ndefu. Aliponiuliza spika kubwa iko wapi, nilimwambia nimeirudisha, nikamwonyesha ile ya mvule chini ya meza, nimeitandikia kitambaa. Alipangusa shingo. Akasema basi tule kwanza, mambo ya kaseti baadaye. Nilikuwa nimeshabonyeza.

Wakaimba pale ndani ya mashine, na pale kwenye viti wakatulia. Ulipofika mvumo wa mwisho niliwatazama. Hakuna aliyeinua kichwa. Watu ishirini wanaangalia wali. Hapo ndipo nilipojua kwamba wote walijua, wote, na mimi ndiye niliyewashonea kanzu za kwaya. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo niliishona mwenyewe.

Nikazima mashine.

"Shem," nikasema, "simama utuvumie hiyo noti ya mwisho. Hapa, bila kaseti."

Alisema ana mafua. Nilibaki nimesimama kando ya mashine. Mwishowe akasimama, akafunga mdomo, akaanza. Mvumo ukaanza juu, ukateremka ukitafuta. Alipofika pale pa kukatika alikatika, na hakuvuta pumzi nyingine. Akabaki amesimama katikati ya nyumba yangu.

Tryphosa, mkewe, ambaye huimba alto, aliweka sahani chini. "Eliakim hakuimba, Mama Adero," akasema. "Hata noti moja."

Ndiye aliyenieleza, kwa sauti ndogo, bila kumtazama mumewe. Siku ya mlolongo Eliakim alisimama mchana peupe nyuma ya picha ya mpinzani wa mheshimiwa, naye mheshimiwa hakusahau aliowaona kwenye foleni ile. Kwaya ilipofika Nairobi wakapata ujumbe kwamba hatafadhili mdomo wa mtu huyo. Zachariah ndiye aliyemtoa. Alimsindikiza ndugu yake mpaka kwenye geti la studio, akampa begi lake.

"Tulimwona kwa dirisha," Tryphosa akasema. "Amesimama na koti mkononi. Tulidhani atatungoja. Kisha mwalimu akatoa sauti, tukaimba."

Zachariah alisema alitaka tu niwe na kitu cha kusikiliza. Labda hata ni kweli. Nilimwangalia ile tai yake, na mikono ile iliyonishika kule dukani, nikamwambia atoke. Alitoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakiaga kwa adabu kana kwamba ni siku nyingine yoyote. Wali waliouacha niliumwaga wote shimoni, sikutaka hata kuku wangu waule.

Niliporudi ndani nilichomoa waya wa spika ya tatu. Adero akaniuliza kama sasa tutamsikiliza baba. Nilirudisha kanda, nikawasha zile mbili za Eliakim peke yake, nikamweka mtoto mapajani. Kwaya ikaimba, ikanyamaza, na pale pa mvumo pakawa kimya, kimya kile kile cha kila siku.

Mwaka mzima spika zile ziliniambia kila jioni kwamba hayumo, nami nikazilaumu kwamba hazina miguu.