Hina ya Durra

Kila mtu katika mabanda ya farasi ya Ishaq alijua kwamba Khawla amechoka, isipokuwa Khawla mwenyewe, ambaye hakutaka kuambiwa. Ilikuwa Machi ya mwaka 2003, na msimu wa mashindano ulikuwa karibu kufungwa kabla joto la Maskati halijaanza kuwapika watu na wanyama chungu kimoja. Tangu Oktoba alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, anaendesha gari kutoka Al Khuwair mpaka Sib, anampanda farasi, anarudi nyumbani kuoga, na saa moja na nusu yuko mezani kwake wizarani anafungua mafaili. Kazi ikisha, anarudi tena mabandani. Alikuwa na miaka arobaini na sita, magoti mawili yaliyolalamika kila akipanda ngazi, na mama wa miaka sabini na tatu aliyemuuliza kila Ijumaa kama huyo farasi keshaleta posa.

Mashindano yenyewe hayakuwa ya mabingwa. Yalikuwa ya watu wenye kazi zao, wanaopanda farasi kwa mapenzi na kuumwa viuno kwa hiari yao. Kila Alhamisi ya shindano ilikuwa na sehemu mbili. Asubuhi palikuwa na maonyesho: farasi anatembezwa mbele ya mwamuzi, anatazamwa umbo, manyoya, mwendo na adabu. Alasiri palikuwa na kuruka viunzi, zile mbao zinazolazwa juu ya nguzo, na kila ubao unaoangushwa humkata mpandaji pointi. Pointi za asubuhi na za alasiri zilijumlishwa msimu mzima, na mwisho wa Machi watatu wa mwanzo ndio waliotajwa.

Khawla alizihitaji hizo pointi kuliko wenzake wote, kwa sababu farasi hakuwa wake. Durra, farasi jike mweupe mwenye macho ya mtu anayekusikiliza, alikuwa mali ya Ishaq, rafiki wa marehemu baba yake tangu wote wawili walipokuwa vijana Malindi ya Unguja. Miaka sita Ishaq alimwacha ampande. Oktoba ile akamwita pembeni, akamwambia kwa upole kwamba Durra amebakiwa na misimu miwili ya kuruka, labda mitatu, na kwamba yuko msichana, Ghadeer, wa miaka kumi na tisa, mwenye mkono mzuri na mifupa mipya. Khawla akimaliza ndani ya tatu bora, Durra atabaki naye mpaka astaafu. Asipomaliza, Durra atakwenda kwa Ghadeer. Khawla alimjibu, "Haya, Ami Ishaq," akaenda kulia ndani ya gari kwa dakika tano, kisha akafuta uso akaenda kazini.

Basi msimu ukaenda nao, na haukuwa msimu wa kujisifia. Oktoba alianguka kwenye kiunzi cha kwanza kabisa, mbele ya watu, akatema mchanga. Novemba iliingia na Ramadhani. Alifanya mazoezi baada ya kufuturu, na tumbo lililokwisha pokea sambusa halitaki kurushwarushwa. Desemba Durra aligoma mbele ya kiunzi chekundu mara mbili, bila sababu aliyoitaja. Januari mambo yalikaa sawa kidogo. Februari Khawla alipata homa, akapanda nayo hivyo hivyo, akashika nafasi ya tano. Ilipobaki Alhamisi moja alikuwa wa nne. Usile ng'ombe mzima ukashindwa mkiani, alijiambia, ingawa ukweli ni kwamba ng'ombe huyu alikuwa amemshinda tangu kichwani.

Jumatano, siku moja kabla ya shindano la mwisho, alifika mabandani kutoka kazini akamkuta Sammy amechuchumaa kando ya Durra. Sammy alikuwa saisi wa pale, mtunza farasi, Mkenya wa makamo kutoka Nakuru, mtu asiyekuwa na maneno mengi.

"Madam, kuja ushike hapa," akamwambia.

Khawla akashika. Mguu wa mbele wa kushoto, nyuma, pale kano inapoteremka chini ya goti, palikuwa na moto. Uvimbe haukuonekana, na Durra hakuwa akichechemea. Lakini joto lilikuwapo, na wote wawili walijua maana yake: kano imeanza kuumia. Sammy akasema daktari wa wanyama aitwe. Khawla akasema daktari akija ataandika barua ya kumzuia farasi, na barua ikiandikwa, shindano la kesho halipo. Sammy akaokota brashi yake, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kumtunza farasi, si kubishana na wenyewe.

Ni uchovu tu uliomfanya Khawla ampigie mama yake simu. Hakuwa akitafuta dawa, alitaka mtu wa kumlalamikia. Lakini Bi Masouda hakuwa mtu wa kusikiliza malalamiko akaacha mambo yalivyo. Alikuwa mpakaji hina. Kwa miaka ishirini na tano hapana biharusi wa jamaa zao, kuanzia Matrah mpaka Sib, aliyeingia ndani bila ya kupita mikononi mwake, na hina kwake haikuwa pambo peke yake. Mtoto akiwa na homa, hina nyayoni. Mtu akichomwa na jua, hina utosini. Akauliza mguu una joto la namna gani, akauliza kama ngozi imechubuka, kisha akamwamuru binti yake aje kumchukua.

Alikuja na beseni lake, ndimu, na kilo mbili za hina aliyoinunua mwenyewe soko la Matrah, na khanga kuukuu za kufungia. Katika miaka sita ile ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga mabandani. Alimtazama Durra kwa muda, akamsalimia, na Durra akamnusa bega. Kisha Bi Masouda akakaa juu ya kibao, akaanza kupaka kuanzia kwato mpaka gotini, taratibu, anasoma aya chini ya pumzi. Alipomaliza mguu wa kushoto akahamia wa kulia. Khawla akamwambia kwamba mgonjwa ni mmoja tu.

"Hina haipakwi mguu mmoja," mama akajibu bila ya kuinua kichwa. "Umemwona wapi biharusi wa mguu mmoja?"

Akapaka yote minne. Khawla alikuwa amekaa juu ya ndoo, kichwa kimeegemea ukuta, macho yanafumba yenyewe. Aliona hina ikipakwa na hakuona chochote kibaya. Watu waliozaliwa katika hina hawaifikirii rangi yake; kwao ina harufu, ina ubaridi, ina sherehe. Kwamba kesho yake asubuhi kuna maonyesho, na kwamba mwamuzi atatazama manyoya ya farasi mweupe, jambo hilo halikumpitia kichwani kabisa.

Alfajiri mama yake alipozifungua khanga ndipo lilipompitia Khawla. Durra alisimama mweupe pe, na miguu minne ya rangi ya chungwa iliyoiva, imekatwa sawasawa chini ya goti kwa mstari ambao hata fundi rangi asingeuweza. Sammy aligeuka akatazama ukuta ili asionekane akicheka. Khawla hakucheka wala hakulia. Aliinama akapitisha kiganja juu ya ile kano ya kushoto, na ilikuwa baridi. Baridi kabisa, imekaa sawa na mwenzake. Alipapasa tu, kuibonyeza hakuibonyeza. Mtu mwenye farasi miaka sita anajua tofauti ya kupapasa na kubonyeza, na Khawla aliijua vizuri sana, ndiyo maana hakubonyeza.

Aliingia uwanjani saa tatu. Mwamuzi alikuwa mama wa Kiingereza mwenye kofia pana, aliyekaa nchini miaka minne, mtu mwenye haki yake lakini hachezi na kanuni. Aliwazungukia farasi wote, akafika kwa Durra, akasimama. Watu wakaanza kunong'ona. Akauliza kwa Kiingereza, kwa adabu, kama ile miguu imepakwa dawa au imepambwa. Dawa yoyote, akamkumbusha, hupitia kwa daktari wa shindano, na farasi mwenye kutibiwa hashindani siku hiyo, asubuhi wala alasiri. Pambo ni shauri la mwenye farasi.

Khawla akatazama kule kwenye viti. Mama yake alikuwa amekaa mstari wa mbele na buibui lake jipya, mikono imekunjwa mapajani, anatazama watu wanavyoitazama kazi yake.

"Ni pambo," akajibu. "Mama yangu ndiye aliyepamba. Hupamba maharusi."

Mwamuzi akatabasamu mpaka macho yakapotea. Durra akatembea, akaenda telki, ule mwendo wa mbio za pole, akazunguka kushoto na kulia kwa adabu zake zote, na ile miguu ya machungwa ikapiga hatua kama iko ngomani. Walipopangwa, Khawla akaitwa nafasi ya pili. Hesabu ilikuwa rahisi: sasa alikuwa wa tatu kwa msimu mzima, na alasiri alitakiwa kuruka tu bila kuangusha zaidi ya mbao mbili. Watu walimpa mkono. Ghadeer naye alikuja kumpa mkono, na uso wake ulikuwa umepauka, kwani hata yeye alijua kujumlisha. Khawla alisema ahsante, ahsante, na hakumtazama mtu usoni. Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imeanza kwenye lango la uwanja na ingeishia kwenye mguu wa Durra.

Baada ya sala ya adhuhuri wafanyakazi wakaanza kuleta viunzi. Bi Masouda, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipokea sifa na maombi ya harusi mbili, alikuja kusimama kando ya binti yake kwenye uzio. Aliangalia nguzo zinavyochimbiwa, mbao zinavyolazwa, za juu zinamfika kifuani.

"Nani ataruka vile?" akauliza.

"Mie, Mama."

"Na nani?"

"Na Durra."

Mama akaziangalia tena zile mbao. Khawla akatambua kwamba hakuwahi kumweleza mama yake shindano lina sehemu mbili. Miaka sita hakumweleza chochote, kwa kuwa mama hakuuliza na yeye alikuwa amenuna kwa kutoulizwa. Bi Masouda alidhani kazi yote ilikuwa ile ya asubuhi, mnyama kutembezwa akatazamwa, kama biharusi anavyotolewa nje.

"Mwanangu," akasema mama, taratibu, "nilikwambia n'tampoza. Sikukwambia n'tamponya. Nilipomfungua alfajiri nikatia kidole gumba pale, aliushtua mguu."

"Mbona hukunambia?"

"Nilidhani umebonyeza mwenyewe."

Hapo Khawla angeweza kusema kwamba yu karibu kumaliza, kwamba ni viunzi tisa tu, kwamba kano huvumilia mengi. Yote hayo alikwisha jiambia tangu alfajiri na yalimfikisha mpaka pale. Lakini alikuwa amechoka, na uchovu ule aliokuwa akiukimbia tangu Oktoba ulimfanyia jambo moja la wema: ulimnyima nguvu ya kuendelea kujidanganya. Akavua kofia ya kupandia, akaenda kwenye meza ya waamuzi, akasema kwamba ile hina ilikuwa dawa, na kwamba asubuhi alisema uongo. Mwamuzi hakumkaripia. Alimtazama tu kwa masikitiko, akachukua kalamu akapiga mstari juu ya jina lake, asubuhi na alasiri. Kukaripiwa kungekuwa nafuu.

Daktari alipoubonyeza mguu, Durra aliunyanyua mchangani na masikio akayalaza nyuma. Miezi minane ya kupumzika, akasema daktari, na maji baridi juu ya kano dakika ishirini kila asubuhi na jioni. Angeruka siku ile, akaongeza, asingeruka tena.

Ishaq alisikia yote, akavuta ndevu zake, akamwambia Khawla kwamba amefanya la haki ila amechelewa, na kwamba ahadi ni ahadi. Durra akipona ni wa Ghadeer. Khawla akasema, "Haya, Ami Ishaq." Safari hii hakwenda kulia garini. Alimrudisha mama yake nyumbani, na njiani Bi Masouda alimshika mkono uliokuwa juu ya gia, asiuachilie mpaka taa za Al Khuwair. Walikuwa na miaka sita ya kuzungumza na hapana aliyejua aanzie wapi.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri Khawla alikuwa mabandani ameshika mpira wa maji. Hakuna aliyemwomba. Alikaa juu ya ndoo, maji yanamwagika juu ya mguu wa machungwa, dakika ishirini kwa saa yake ya mkononi, na jioni tena. Alifanya hivyo kesho yake, na mtondo, na wiki ya pili. Ghadeer naye alikuwa akija, anasimama mlangoni, anatoa salamu. Khawla alimjibu salamu na alimchukia. Alimchukia kwa ujana wake, kwa magoti yake, kwa kusimama pale kwa heshima bila ya kugusa kitu, na alijua msichana hana kosa, na kujua huko hakukupunguza chochote.

Alfajiri ya siku ya kumi na tisa Ghadeer alisema kutoka mlangoni, "Bi Khawla, nakuomba unifundishe. Sitaki anijue siku ya kumpanda tu, nataka anijue tangu akiwa mgonjwa."

Khawla alitazama saa yake, zilikuwa zimebaki dakika kumi. Kisha akamwita ndani. Akampa mpira, akamsogeza mkono pale maji yanapotakiwa yapige, akamwambia Durra hapendi kushikwa sikio la kulia, hapendi kiunzi chekundu, na akipigwa na ubaridi anapenda kuzungumzishwa, maneno yoyote, hata bei za soko. Ghadeer akaanza kuzungumza na farasi kwa sauti ndogo ya aibu. Durra akageuza shingo akamsikiliza, kwa macho yale yale.

"Kesho njoo peke yako," Khawla akasema. "Mie n'talala."

Asubuhi ile ile alikwenda moja kwa moja wizarani, akafika mapema mno, milango haijafunguliwa, viatu vimelowa. Mlinzi akamuuliza kama kuna msiba nyumbani. Akamwambia hapana, amekuja kazini tu.