Kiasi cha Wali Kuiva

Kila Jumamosi saa nane mchana sebule ya mpima ardhi hujaa. Mwenyewe hukaa mbele ya kompyuta yake ya michezo, ile yenye taa za rangi tumboni. Mdogo wake hukaa kushoto, miguu juu ya meza. Mama yao hukalia kiti kizuri chini ya feni, akijidai hajui mpira huku akimsuta refa wa kwenye skrini, tena kwa majina. Mke wa mpima ardhi huwa jikoni. Wanamwita Bi Kalamu, kwa ajili ya kalamu anayoichomeka nyweleni asubuhi na kuisahau mpaka jioni.

Tangu mwezi uliopita kompyuta ilikuwa ikiganda katikati ya mchezo. Mpira ulibaki hewani, na watu wa sebuleni wakaganda nao. Bi Kalamu alichukua wiki tatu kuligundua hilo, maana hata siku za kawaida hakuna aliyekuwa akitikisika. Aligundua kwa sababu shemeji yake alikuwa kanyamaza.

Waliganda kiasi cha wali kuiva. Kisha walizinduka, kila mtu akamalizia neno lake.

"Tumeganda tena?" aliuliza mpima ardhi.

"Mmeganda."

"Na mechi imenitoka hivihivi!"

Hilo ndilo lililomuuma. Bi Kalamu yeye hakuwa na la kulalamikia. Muda huo aliishusha miguu ya shemeji, akakaa, akasoma kitabu cha mtihani wa leseni ya udereva. Mtihani alikuwa ameuahirisha mara mbili, kwa kuwa hakuwahi kuvuka ukurasa wa thelathini kabla ya kuitwa. Sasa alikuwa kwenye ukurasa wa themanini, na mtihani ulikuwa bado wiki mbili.

Fundi akaja, mama mmoja mnene mwenye bisibisi mfukoni mwa blauzi na salamu kwa kila mtu. Alifungua kompyuta, akapuliza vumbi lililotosha kujaza mto. Alipima joto, akabadilisha memori, akahamishia waya kwenye soketi nyingine. Akaanzisha mchezo mzito kuliko yote, akakaa nyuma ya mashine kuisikiliza. Ilikwenda kama maji.

Ndipo shemeji akanyoosha shingo kuelekea jikoni. "Shemeji, hebu niletee chumvi!"

Skrini ikaganda. Shemeji akabaki mdomo wazi, mama mkwe akabaki na kidole usoni pa refa. Bi Kalamu akatoka na chumvi, akaiweka mezani.

"Huwa hivi?" aliuliza fundi, ambaye hakuwa ameitazama skrini.

"Huwa."

"Basi nipatie chai, dada. Au kaa tu, nitajimiminia mwenyewe."

Walikunywa. Bi Kalamu alisoma kurasa kumi. Watu walipozinduka, fundi alikuwa anafunga skrubu ya mwisho.

"Mashine ni nzima," alisema. "Inaganda mtu akiagiza kitu naye amekaa."

Wakatazamana. "Dawa yake?" akauliza mpima ardhi.

"Kuinuka."

Walicheka mpaka mama mkwe akapaliwa. "Kuinuka twende wapi, fundi, na mechi inaendelea?"

Familia ikakaa kikao, kwa kuwa tayari ilikuwa imekaa. Mpima ardhi, mtu wa vipimo, ndiye aliyepata ufumbuzi: mahitaji yote yaandikwe kabla ya mchezo, asiwepo wa kuita. Jumamosi iliyofuata karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa friji, vitu kumi na kimoja: maji ya baridi, chumvi, karanga, mto wa mgongo wa mama, chaja ya shemeji, na kuendelea. Hakuna aliyeita. Kompyuta haikukwama hata mara moja.

"Kichwa hiki!" shemeji alimsifu kaka yake.

Bi Kalamu alikuwa kwenye kitu cha nne, na kurasa thelathini zilikuwa hazijasomwa. Akasimama katikati ya jikoni na mto mkononi. Halafu akageuza ndoo, akaweka mto juu yake, akakaa. Akafungua sura ya njia panda, ile ya nani ampishe nani, na akapaza sauti ambayo nyumba hiyo haikuwa imewahi kuisikia:

"Mume wangu, hebu niletee glasi ya maji!"

Sebuleni mtangazaji wa mchezo alikatika katikati ya neno.

Maji hayakuja. Bi Kalamu alisoma kurasa kumi na tisa, taratibu, akirudia alama za barabarani.

"Tumeganda!" ilisikika hatimaye. "Nani kaita?"

"Mimi."

"Ulikuwa unataka nini?"

"Maji."

Mpima ardhi alifikiri kidogo, macho kwenye skrini. "Si uyaandike kwenye orodha, mke wangu."

Bi Kalamu akachomoa kalamu nyweleni, akaandika chini kabisa: kumi na mbili, maji yangu. Kisha akarudi kwenye ndoo, akakaa vizuri, akasafisha koo. Zilikuwa zimebaki kurasa kumi na moja.