Makohozi ya Dada

Maabara za siku hizi zina mashine za kila aina, lakini msinidanganye, hakuna kama chumba chetu cha panya. Kilinuka maranda ya mbao, na mlango wake haukufunguka mpaka uusukume kwa nyonga. Leo wakiniita, narudi mbio.

Tulikuwa tunatafuta namna ya kumfanya panya augue mapafu kama binadamu, ili dawa mpya ijaribiwe kwake kwanza. Bakteria tuliwapata kwa dada yangu, aliyekohoa tangu utotoni na dawa zote zilikuwa zimegonga mwamba. Kila nilipompelekea kikopo alinitania: "Wenzako huomba dada zao viatu, wewe unaomba makohozi!"

Sasa sikia vituko vya panya. Tukiwaambukiza leo, kesho wamepona, wanatafuna chakula kama hakuna kilichotokea. Nilikasirika mno! Bosi wetu, mama mkali mwenye roho nzuri, aliniambia kila tulipopata matokeo, "Mpigie dada yako." Nami nikapiga.

"Wamepona tena."

"Jamani! Mimi bakteria hao wananing'ang'ania kama kupe, kwa panya wanatimuliwa?"

Bosi akaamua tuwafungie bakteria ndani ya chembe za jeli ya mwani, wasiondolewe upesi mapafuni. Chembe za kwanza zikawa kubwa mno. Panya wakakosa pumzi, wakafa. Niliumia, maana niliwalea mwenyewe. Tukazipunguza, tukazipunguza tena, mpaka tukapata panya waliougua wiki baada ya wiki. Tukakumbatiana, watu wazima na akili zetu, tukishangilia ugonjwa.

"Bado wanaumwa!" nikamwambia dada.

"Hongera, mdogo wangu." Alicheka mpaka kikohozi kikamkata kauli. "Angalau sasa nina wenzangu."

Kuijaribu dawa kulichukua muda mrefu. Eti subira huvuta heri. Waulizeni wenye mapafu mabovu. Asubuhi tulipoyapima mapafu ya panya tukayakuta safi, hakuna bakteria hata mmoja, bosi alirusha glavu juu.

"Mpigie dada yako!"

Glavu zikaanguka sakafuni. Bosi mwenyewe ndiye aliyenishika mkono siku ya mazishi ya dada, ila furaha ilimsahaulisha. Akaziba mdomo, machozi yakamtoka. Sikuweza kumlaumu. Mimi nilikuwa nimeshaishika simu.